Kosa Langu au la Fimbo? Dalili za Begi la Gofu Lisilolingana na Kiwango Chako

Mzee mmoja alinijia na draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, akailaza juu ya meza yangu taratibu kama mtu aliyeleta mtoto zahanati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hebu iangalie hii inaumwa nini. Kila nikipiga, mpira unakata kulia unaingia kwenye miti."

Nikaigeuza. Mpya kabisa, haina hata mchubuko. Digrii 9, na kwenye shafti, yaani mti wake, kumeandikwa X. Mzee ana miaka 60 na ushee, hendikepi 26 (namba hiyo ikiwa kubwa, kiwango ni cha chini). Draiva ile imeundwa kwa kijana anayezungusha fimbo kwa zaidi ya kilomita 170 kwa saa; yeye, kwa kumtazama tu, 130 ilikuwa inamtoa jasho. Fimbo ilikuwa nzima. Ilipotea njia tu, ikafika kwa mtu ambaye haikutumwa kwake.

Nilianza kwa kubeba mabegi ya watu uwanjani, siku hizi nabadilisha gripi (mipini ya kushikia) na shafti, na begi ninalokutana nalo zaidi hapa Dar ni la mtu wa hendikepi 25 lililojaa fimbo za mtu wa hendikepi 5. Kwetu fimbo huja kwa kurithi, kwa zawadi, kwa mgeni anayerudi kwao na kuuza vitu vyake, kwa mtumba. Wanaopimwa kabla ya kununua ni wa kuhesabu. Basi twende kinyumenyume: tuanze na mpira unavyofanya, turudi nyuma mpaka kwenye begi. Kulia na kushoto ninakotaja ni kwa anayepigia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze.

Kwanza kipimo cha doa

Kabla hujatoa hela yoyote, tafuta maka peni ya ubao mweupe, ile inayofutika. Chora doa nene kwenye mpira, uweke mpira doa likitazamana na uso wa fimbo, kisha piga. Doa litahamia usoni mwa fimbo na kukuonyesha mlipokutania. Piga mipira kumi kwa aironi (fimbo ya kichwa cha chuma bapa) namba 7 na kumi kwa draiva, ukipiga picha kwa simu kila baada ya pigo kabla hujafuta.

Ukimaliza utakuwa na moja kati ya picha mbili. Ya kwanza, madoa yametapakaa uso mzima: moja kisiginoni (upande wa shafti), moja kwenye ncha, jingine juu kabisa. Hiyo ni swingi, namna unavyozungusha fimbo, na dawa yake haiuzwi dukani. Mtafute kocha, hela ya fimbo mpe yeye. Ya pili, madoa yamekusanyika mahali pamoja, ila mahali penyewe si katikati. Hapo mwili wako unarudia kitu kilekile kila mara na fimbo ndiyo imeshindwa kukufuata. Mwenye picha hii ya pili ndiye ninayemwandikia.

Angalia na gripi. Ikiwa inang'aa kama kandambili ya msimu wa tatu, unaikaba bila kujua ili isikuponyoke, na mikono iliyokaba haigeuki. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi. Ikibaki telezi, ibadilishe. Jasho la pwani linazimaliza haraka, na fimbo kulala kwenye buti la gari linalochomwa na jua kunazimaliza haraka zaidi, maana joto linalainisha hata gundi iliyo chini yake. Unene nao unapimika kwa mkono: shika kwa mkono wa kushoto kama unavyoshika siku zote. Ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama iliyo chini ya kidole gumba. Zikizama kwenye nyama, gripi ni nyembamba. Zisipofika, ni nene, na gripi nene huchelewesha mikono kugeuka, mpira ukabaki kulia. Nimeshaona watu wakibadilisha draiva tatu kumbe tatizo lilikuwa gripi.

Draiva: mpira unatoka chini, unakwenda kidogo, unakufa

Mtuhumiwa wa kwanza ni lofti, yaani digrii ambazo uso wa fimbo umeegemea nyuma. Kuna imani iliyoota mizizi kwamba namba ndogo ndiyo inayokwenda mbali, kwa hiyo mtu anaomba digrii 9 kama anaomba cheo. Ni kweli kwa mwenye kasi. Anayezungusha polepole hana nguvu ya kuuinua mpira kwa uso uliosimama wima, na mpira usiopanda hauna muda wa kusafiri. Anayeanza asishuke chini ya 10.5. Mzee, mama asiye na kasi kubwa, au yeyote ambaye draiva yake inaanguka kabla ya yadi 180, aende 12 au zaidi wala asione haya. Nimewaona wengi waliotoka 9 kwenda 12 wakaongeza yadi siku hiyohiyo.

Mtuhumiwa wa pili ni shafti. Zile herufi zinakwenda kutoka laini hadi ngumu: L, A, R, S, X. Kwa kasi ya draiva, L ni ya chini ya kilomita 120 kwa saa, A inafika kama 135, R kama 153, S kama 169, na X ni juu ya hapo. Huna mashine ya kupima? Tumia umbali wa hewani, yaani pale mpira unapogusa ardhi, si pale unapoishia kubingirika kwenye feawei (njia ya majani mafupi) iliyokauka. Chini ya yadi 180, jaribu A. Kati ya 180 na 220, R. Ukizidi hapo ndipo tuzungumze S. Kumbuka tu kwamba kampuni hazina rula moja; R ya huku inaweza kuwa ngumu kuliko S ya kule. Na L isikuchanganye ukadhani ni suala la jinsia. Ni kasi tu. Kuna akina mama wanaohitaji R na kuna wanaume wanaoteseka nayo.

Dalili ya shafti ngumu kupita kiasi: mpira unatoka chini na kulia, na mikononi unasikia kama umegonga nguzo. Ikiwa laini mno, mpira unapaa sana na mara nyingi unavutwa kushoto, na kichwa cha fimbo kinakuwa kama kinachelewa kufika halafu kinakuja kwa fujo.

Kabla ya kununua, tazama shingo ya draiva. Nyingi za miaka ya karibuni zina skrubu. Ukiwa na spana yake unaweza kuongeza lofti digrii moja na nusu hivi bila kutoa senti, na ukiongeza, uso wenyewe unajifunga kidogo kuelekea kushoto. Mzee wangu wa X nilimpandisha hadi 10.5 pale pale mezani. Shafti ilibidi atafute ya A iliyotumika, yenye kiungo cha kampuni ileile, kwa sababu viungo vya kampuni tofauti haviingiliani.

Mara nyingine kosa ni la tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Ikiwa madoa yako yako chini ya uso, pandisha tii mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva. Hiyo ni bure.

Mpira unakata kulia

Nitasema jambo linaloniharibia biashara: slaisi, yaani huko kukata kulia, mara nyingi ni ya mikono. Uso wa fimbo unafika ukiwa wazi kuliko njia ambayo fimbo inapita, mpira unapata mzunguko wa pembeni, unaondoka. Fimbo haiwezi kuiponya. Inaweza kuipunguza, na wakati mwingine inaichochea.

Inayochochea zaidi ni urefu. Draiva za dukani siku hizi zina karibu inchi 45.5. Sheria inaruhusu hadi 48, na tangu 2022 mashindano ya ngazi ya juu yanaweza kuweka kikomo cha 46. Lakini ruhusa ni kitu kimoja na uwezo ni kitu kingine. Kadiri fimbo inavyorefuka ndivyo uso unavyochelewa kufunga na ndivyo doa linavyohama kutoka katikati. Fanya hivi: shika draiva inchi moja chini ya kawaida, gripi itokeze juu ya mkono, upige mipira kumi yenye doa. Doa likirudi katikati, umepata jibu. Unaweza kuendelea kushika chini hivyohivyo, au fundi akakata nusu inchi hadi inchi moja. Ukikata, kichwa kitahisi chepesi, hivyo mwambie abandike utepe wa madini ya risasi kwenye soli, yaani chini ya kichwa.

Doa likiwa kisiginoni, slaisi inaongezeka hata kama swingi yako si mbaya, kwa sababu kichwa cha draiva kinajipinda kikigongwa pembeni na kuupa mpira mzunguko wa kwenda kulia. Doa la kwenye ncha linafanya kinyume, linauvuta kushoto. Ndiyo maana mtu anaweza kukata kulia Jumamosi na kukata kushoto Jumapili, kwa swingi ileile.

Vichwa vyenye uzito uliosogezwa kisiginoni vinasaidia uso kufunga. Lofti zaidi nayo inasaidia, maana mzunguko wa nyuma ukiwa mwingi ule wa pembeni unapungua ukali. Vyote vikishindikana, ipe draiva likizo. Wudi (fimbo ya umbo la draiva, ila ndogo) namba 3 ya digrii 15, au namba 5 ya 18, ina shafti fupi na lofti ya kutosha. Yadi 170 katikati ya feawei ni bora kuliko 210 ukiwa unatafuta mpira na kedi, mbeba begi wako, kwenye majani.

Aironi ndefu hazinyanyuki

Malalamiko haya ndiyo rahisi kuliko yote, na ndiyo watu wanayabishia kuliko yote. Namba 3 na namba 4 zina lofti ndogo, uso mdogo, na zinadai kasi. Ikiwa namba 7 yako haifiki yadi 140 hewani, namba 3 na 4 ziache nyumbani, na namba 5 iangalie kwa jicho la mashaka. Weka haibridi, fimbo iliyo kati ya wudi na aironi.

Kuna wanaosema haibridi ni za wazee. Mwaka 2009, kwenye mashindano makubwa ya PGA Championship uwanja wa Hazeltine, Marekani, Y.E. Yang wa Korea Kusini alikuwa anaongoza dhidi ya Tiger Woods shimo la 18. Akiwa na zaidi ya yadi 200 mbele yake, alitoa haibridi, mpira ukapanda juu ya mti ukatua karibu na shimo. Akashinda. Kama haikumwaibisha yeye, sioni itakavyomwaibisha mtu anayecheza Jumamosi asubuhi pale Lugalo.

Unapobadilisha, linganisha digrii, namba zisikubabaishe. Aironi namba 4 ya digrii 22 inalingana na haibridi ya 22, hata kama juu yake wameandika 3 au 5. Na kwa kuwa shafti ya haibridi ni ndefu kidogo, tegemea yadi kadhaa za ziada. Mwenye kasi ndogo kabisa nampeleka kwenye wudi namba 7, ambayo iko karibu na digrii 21. Inapaa juu na kutua laini, na makedi wanaijua siri hiyo siku nyingi.

Halafu geuza aironi yako utazame mgongo. Mgongo ukiwa bapa, laini, soli nyembamba kama kisu cha jikoni, hiyo ni bledi. Uzito wote uko nyuma ya katikati. Ukipiga katikati, raha tupu. Ukikosea kwa upana wa kidole, mpira unapoteza umbali mwingi na mkono unawaka. Mgongo ukiwa umechimbwa kama bakuli na soli ni nene, uzito umesukumwa pembezoni, kichwa hakijipindi sana ukikosea. Wazo hilo la kuhamishia uzito kisiginoni na kwenye ncha lilienezwa na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi General Electric huko Marekani. Alianza na fimbo za kuputi karakanani kwake mwaka 1959, ya kwanza ikawa inalia "ping" ikigonga mpira, na kampuni ikapata jina.

Msimamo wangu: juu ya hendikepi 15, chukua za kuchimbwa na soli pana. Kati ya 8 na 15, chukua unayoipenda ilimradi madoa yako yanakaa pamoja. Chini ya hapo hunihitaji mimi. Tajiri mmoja aliniletea bledi za chuma kilichofuliwa Japani, seti nzuri mno, nikatamani kulala nazo. Madoa yake yalikuwa yote kwenye ncha. Nilimwambia azitundike sebuleni. Hakufurahi.

Fimbo tatu, umbali mmoja. Halafu pengo la kutosha kupita lori

Andika umbali wa hewani wa kila fimbo yako. Kati ya aironi moja na nyingine panatakiwa yadi 10 hadi 15. Ukikuta namba 4, 5 na 6 zote zinaanguka 145, kasi yako haitoshi kuzitofautisha. Baki na moja, mbili zitoe.

Upande wa chini tatizo ni kinyume chake. Seti za kisasa za wanaoanza zimepunguzwa lofti mno. Zamani namba 7 ilikuwa na digrii 34 au 35. Leo kwenye seti hizi utaikuta 28 hadi 30. Rafiki yako anayejisifu kwa namba 7 yake mpya anapiga namba 5 ya baba yake. Sasa weji (fimbo fupi ya kuinua mpira kwa umbali mdogo) ya pichi ya seti hiyo iko 43 au 44, na wewe uliyenunua weji ya banka (shimo la mchanga) peke yake umechukua 56. Hapo katikati kuna digrii 12 au 13, yadi 25 au 30 ambazo huna fimbo yake. Ukiwa yadi 85 unaanza kupunguza swingi, unakwaruza ardhi, unalaumu weji. Ongeza moja ya digrii 50. Kwa weji, lenga pengo la digrii 4 hadi 6.

Kikomo ni fimbo 14. Ukizidisha, ni mikwaju miwili ya adhabu kwa kila shimo ulilocheza nazo, isiyozidi minne kwa raundi. Anayeanza hana haja ya kufika huko. Wudi moja, haibridi moja, aironi 6 hadi 9, weji ya pichi, weji ya banka, na ya kuputi: tisa hizo, na mgongo wa kedi utakuombea dua.

Unaipiga vizuri, inakwenda kushoto vilevile

Hii inawachanganya hata wachezaji wazuri. Pigo safi, sauti safi, mpira umenyooka kabisa, ila umenyooka kuelekea kushoto. Na weji zinafanya zaidi kuliko namba 5. Hapo nashuku mlalo wa fimbo, ile pembe kati ya shafti na soli.

Bandika selotepu ya karatasi chini ya soli ya namba 7. Tandika kipande cha plaiwudi, weka mpira juu yake, piga. Mkwaruzo kwenye selotepu ukiwa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno, ncha iko hewani, na uso unatazama kushoto. Ukiwa upande wa ncha, fimbo imelala mno na mpira utakwenda kulia. Katikati, fimbo haina neno, rudi kwa kocha. Mrefu mara nyingi anahitaji iliyosimama, mfupi mwenye mikono mirefu iliyolala, lakini usikisie kwa kutazama mtu. Selotepu inajua zaidi.

Aironi za PING zina kitone cha rangi shingoni: cheusi ni kawaida, bluu imesimama zaidi, nyekundu imelala. Kwenye mtumba watu huchagua rangi wakidhani ni urembo. Aironi za chuma laini fundi anazikunja digrii moja au mbili kwa mashine bila shida. Zile za chuma kigumu cha kalibu zinaweza kukatika, kwa hiyo anayekuambia "naikunja kwa goti" mpokonye fimbo yako.

Weji inachimba, au inaruka na kukata mpira tumboni

Chini ya weji kuna tumbo dogo nyuma ya ukingo wa mbele. Ndiyo baunsi, nayo hupimwa kwa digrii. Ikiwa 4 hadi 6 ukingo unakata ardhi kama jembe. Ikiwa 10 hadi 14 soli inateleza juu. Gene Sarazen ndiye aliyeifanya ijulikane, kwa kuongeza madini ya risasi chini ya fimbo yake ili isizame mchangani, akaitumia kushinda mashindano ya The Open ya 1932 uwanja wa Prince's, Uingereza.

Chaguo lako linategemea unacheza wapi kuliko unavyodhani. Huku pwani wakati wa kiangazi ardhi inakuwa kama saruji, majani yameisha, na weji ya baunsi 14 inadunda chini na kuingia katikati ya mpira, unaouona ukiruka grini (eneo la majani laini lenye shimo) nzima. Masika yakija, uwanja uleule umelowa na baunsi 4 inakuzikia fimbo. Ninayemshauri achukue moja tu namwambia 8 hadi 12. Ukiwa unachimba, yaani unaacha shimo la kufukia mhogo kila ukipiga, panda juu. Ukiwa unafagia majani bila kuyang'oa, shuka.

Nairobi na Limuru habari ni nyingine, maana huko ni majani ya kikuyu. Ni ya milima yetu hiyohiyo, yakasambaa duniani mpaka klabu ya Riviera kule Los Angeles, na wachezaji wa huko wanayalalamikia kama wa klabu ya Muthaiga, Nairobi. Mpira unakaa juu kama umewekwa kwenye godoro, ukidhani ni rahisi, kisha mashina yanaidaka shingo ya fimbo au kichwa kinapita chini yake. Soli pana na lofti ndizo rafiki zako hapo. Aironi ndefu sahau kabisa.

Weji ya digrii 60 kwa anayeanza? Hapana. Nina sanduku zima la nilizouziwa na watu waliojuta.

Kuputi

Kama unakosa kwa umbali, mazoezi. Kama unakosa kila mara upande uleule, laza shafti juu ya kidole mpaka fimbo isimame bila kuanguka. Uso ukitazama mbinguni, inamfaa anayesukuma moja kwa moja. Ncha ikining'inia chini, inamfaa ambaye mkono wake unazunguka kidogo kama mlango. Ukichanganya hayo mawili utapigana nayo milele. Urefu wa kawaida ni inchi 33 hadi 35. Ukiinama, jicho lianguke juu ya mpira au ndani yake kidogo.

Kiwiko kinauma, viganja vinawaka

Shafti ya chuma inaweza kufika gramu 120 na zaidi. Ya grafaiti kwenye aironi mara nyingi iko 60 hadi 80, na inameza mtikisiko. Aliyevuka miaka 50, au mwenye kiwiko kinachouma upande wa ndani, ahamie grafaiti kabla ya kuhamia kwenye dawa za kuchua. Maumivu yakidumu wiki mbili, hospitali, si kwangu.

"Nimeshuka kutoka Nairobi, fimbo zimekufa"

Hazijafa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri zaidi. Ukija Mombasa au Dar, kila fimbo inapungua, na namba 7 yako ya yadi 150 inaweza kuishia 140. Chukua fimbo moja kubwa zaidi, ucheze. Nimemzuia mtu mmoja asinunue seti nzima kwa sababu hii tu, kwenye baa, saa mbili baada ya raundi.

Mtoto hapigi, anapigwa na fimbo

Fimbo ya mkubwa iliyokatwa inabaki nzito kichwani na shafti inazidi kuwa ngumu. Mtoto anajifunza kuinua kwa mabega. Bora fimbo tatu za kitoto halisi, nyepesi, kuliko saba za msumeno.

Umeamua kununua, tena mtumba

Zisimamishe aironi ukutani kwa mpangilio wa namba. Vichwa vya gripi vishuke kama ngazi, nusu inchi kwa nusu inchi. Ngazi ikivunjika, kuna shafti iliyobadilishwa au kukatwa, na seti hiyo haitakupa umbali unaolingana. Soma herufi kwenye kila shafti. Nimekuta seti yenye R tano na S mbili.

Shika fimbo karibu na kichwa, uitikise sikioni. Ikicheza kama njugu, gundi ya ndani imebanduka. Ukisikia kichwa kinazunguka kidogo kwenye shafti, irudishe. Kwenye grafaiti, pitisha pamba juu hadi chini. Nyuzi za pamba zikinasa, pana ufa. Kwenye chuma, kwangua pale shafti inapoingia kichwani: kutu ya juujuu si hoja, iliyochimba mashimo ni hatari. Mistari ya usoni ipitishie ukucha. Ukucha usiponasa, weji hiyo haitashika mpira kwenye grini.

Bandia zipo nyingi. Herufi zilizopindapinda, rangi iliyomwagika nje ya mistari, namba ya shingoni isiyokuwepo au inayofanana kwenye draiva mbili za muuzaji mmoja, na draiva ya mwaka huu inayouzwa bei ya viatu. Mwisho, omba mipira mitatu na maka peni. Muuzaji asiyetaka uipige kabla ya kulipa, mwachie fimbo yake.